MSHALE UMEKOSA NINI?

Mwaka huu sikushika kalamu ili kutunga hadithi ya zimwi wala kuisifu timu yetu ya kandanda (ambayo, tusidanganyane, haikufanya mengi ya kusifiwa). Nimekuja kutetea. Ninayemtetea hana mdomo, na kesi yake ilikatwa akiwa hayupo. Simaanishi mshale wa mwindaji, ule wa podoni, wala akrabu ya saa. Namaanisha huu mdogo unaopigwa chapa kwenye tarakilishi: →.

Wale ambao hamkufika mkutanoni, wacha niwape habari. Chama chetu cha Kiswahili kina desturi ya kutoa karatasi ya marudio kila muhula, upande mmoja sarufi, upande wa pili mada moja ya sayansi ikielezwa kwa Kiswahili. Muhula uliopita kamati iliazimia kwamba tangu sasa karatasi hiyo, pamoja na makala ya gazeti hili, yasiwe na mishale hata mmoja. Penye mshale patiwe alama ya =. Eti hiyo ni salama, ipo kwenye kila kibodi na haijawahi kumdhuru mtu. Mikono ikapanda, azimio likapita.

Mimi nilikuwa nimeketi nyuma karibu na dirisha. Mkono wangu haukupanda kuunga wala kupinga. Nilinyamaza kwa sababu nilijua jambo ambalo wengi hawakulijua. Kosa lililoletea mshale hukumu ile lilikuwa langu.

Ilikuwa hivi. Mwaka jana, nikiwa Kidato cha Pili, nilipewa kazi ya kuchapa ile karatasi. Mada ya sayansi ilikuwa kuchoma magnesi, na mwalimu wa Kemia alikuwa ametuandikia mlingano kwa mkono wake: 2Mg + O₂ → 2MgO. Nikaenda saiba iliyo karibu na steji. Sikujua mshale hukaa wapi kwenye kibodi, basi nikapiga vistari viwili na alama ya >. Lo! Kufumba na kufumbua, vile vistari vikageuka vyenyewe kuwa mshale mzuri, mnene, umenyooka kama rula. Nilijiona fundi. Nikachapa mingine mingi, hata upande wa sarufi: cheza, mshale, mchezo, soma, mshale, msomaji.

Sasa, chama hakikuwa na pesa za fotokopi muhula ule. Sisi ni wanafunzi wa kutwa, jioni tuko nyumbani, na karibu kila nyumba ina simu ya mzazi. Nikanakili maandishi yote, nikayabandika kwenye kundi la WhatsApp la darasa kwa kutumia akaunti ya Mama, nikalipa, nikaenda zangu. Sikusoma kilichotumwa. Mama alikuwa anaitaka simu yake na giza lilikuwa linaingia.

Kilichofika kwenye simu za watu kilikuwa hiki: 2Mg + O₂ à 2MgO. Na kwa sarufi: cheza à mchezo.

Wenzangu walinakili jinsi walivyoona. Nani angewalaumu? Wengine walidhani ni Kifaransa. Mmoja alinieleza kwa uhakika kabisa kwamba ile "a" yenye kinyoya juu ni ishara ya kisayansi ya joto. Mtihani ulipofika, mwalimu wa Kemia aliingia darasani na furushi la karatasi akauliza, "Huyu 'a' ni nani, na amefanya nini katika mlingano wangu?" Watu kumi na mmoja walikuwa wamemwandika. Nilinywea kama kuku aliyenyeshewa. Rafiki yangu wa karibu alikosa alama mbili kwa ajili ya ile herufi, na kwa sababu ya alama hizo mbili akarudia mtihani Jumamosi, siku ambayo alipaswa kuwa kwenye mashindano ya mashairi. Hakunigombeza. Ingekuwa afadhali angenigombeza.

Kwa hivyo sishangai kwamba kamati iliukasirikia mshale. Lakini nimelichunguza jambo hili kwa mwaka mzima, na ninasema wazi kwamba aliyefungwa siye mwizi.

Kile kilichoonekana kwenye kioo cha saiba hakikuwa mshale. Ilikuwa herufi à iliyovikwa joho. Programu ya Microsoft Word, ukipiga vistari viwili na >, huenda katika fonti iitwayo Wingdings na kuchukua umbo linalofanana na mshale. Fonti hiyo ilikuja na Windows 3.1 mwaka 1992, nayo haina herufi za kawaida. Kila mahali pa herufi pamewekwa kijipicha, mara simu, mara mkasi, mara nyota. Mahali pa à pamewekwa mshale. Maadamu maandishi yamo ndani ya Word, joho liko mwilini na wewe unaona mshale. Ukiyanakili na kuyapeleka mahali ambapo fonti hiyo haifuatani nayo, joho linabaki nyuma na à anasimama uchi mbele ya watu. (Uso wa tabasamu nao huvuliwa vivyo hivyo ukawa J. Ukiwahi kupata barua pepe ya mtu mzima inayoishia kwa J iliyosimama peke yake, ujue alikuwa anakuchekea.)

Mshale wa kweli ni kitu kingine. Una namba yake, kama mtu mwenye kitambulisho. Tangu mwaka 1991 kumekuwa na orodha iitwayo Unicode ambayo hupa kila herufi na kila alama iliyomo namba moja isiyogawiwa nyingine. Mshale wa kulia ni 2192. Wa kushoto ni 2190, wa juu 2191, wa chini 2193. Ukoo wao umepewa mtaa mzima, kutoka 2190 hadi 21FF, nyumba 112 (hizo ni hesabu za kizio cha kumi na sita, ndiyo maana zina herufi ndani). Mshale wenye namba ukiutoa kwenye tarakilishi ukaupeleka kwenye simu, hausafiri kama joho la fonti, unasafiri kama namba. Unafika ukiwa mshale.

Na kama mtu atasema haya ni mambo mapya ya vijana, nitamwomba atazame kibodi ya maabara yetu. Mwaka 1963, mwaka ule ule Kenya ilipojinyakulia uhuru, Wamarekani walitoa toleo la kwanza la orodha ya herufi za tarakilishi iitwayo ASCII, nayo ilikuwa na mishale miwili, ↑ na ←. Mwaka 1967 orodha ikarekebishwa. Mahali pa ↑ pakawekwa ^ na mahali pa ← pakawekwa _. Alama hizo bado zipo, moja juu ya 6, nyingine kando ya sifuri. Ni wapangaji waliopewa nyumba ya mshale, na tangu hapo watu wakawa wanajitengenezea mshale kwa vistari na >, kama nilivyofanya mimi.

Sasa nije kwenye = yenyewe, maana hapa ndipo ninapotofautiana na kamati kabisa.

Mwalimu wetu wa Kiswahili hutufunza kwamba nomino nyingi huundwa kutokana na vitenzi. Cheza → mchezo. Soma → msomaji. Iba → mwizi. Weka = tuone: iba = mwizi. Jamani! Tangu lini kuiba kukawa sawa na mwizi? Mmoja ni tendo na mwingine ni mtu, na polisi wanajua tofauti. Mshale unasema "anza hapa, fika pale". Alama ya = inasema "hiki ni kile, na kile ni hiki, geuza upendavyo". Vilevile katika sauti, ki + angu → changu. Ukiandika ki + angu = changu, mwanafunzi wa Kidato cha Kwanza ataona kama hesabu ya kujumlisha, asijue kwamba kuna jambo lililotendeka katikati, kwamba ki iligongana na a ikageuka kuwa ch. Mshale ndio unaomwambia kuna kilichotendeka. Na pika → pikia → pikiana? Huko ni kupanda ngazi. Ngazi haiandikwi kwa =.

Biolojia nayo. Nyasi → panzi → kuku → mwewe. Hapa wengi wetu hukosea mwelekeo, hata bila tarakilishi. Tunafikiri mshale ni mdomo, kwamba unatoka kwa anayekula kwenda kwa anayeliwa. La hasha! Mshale hufuata nguvu ya chakula, kutoka kwa kilichotafunwa kuingia tumboni mwa mtafunaji. Ukigeuza, umesema nyasi zimemla panzi. Na kwa azimio la kamati tungeandika nyasi = panzi = kuku = mwewe, ambapo kila mmoja ni mwenzake na hakuna aliyeshiba.

Katika Kemia ninakubali kamati ina hoja kidogo. Zamani wanakemia waliandika = katika milingano yao, na hawakuwa wajinga, kwa sababu hesabu ya atomi kwa kweli ni sawa pande zote mbili. Lakini mwaka 1884 Mholanzi aitwaye van 't Hoff, yule aliyekuja kupata tuzo ya kwanza kabisa ya Nobel ya Kemia mwaka 1901, alitaka kuonyesha kwamba kuna mambo yanayokwenda na kurudi, akatumia mishale miwili inayotazamana. Sisi wa Kidato cha Tatu tumekutana na jambo hilo katika kutengeneza amonia: N₂ + 3H₂ ⇌ 2NH₃. Mshale huo wa pande mbili una namba yake, 21CC. Ukiweka mshale mmoja, umedai kwamba naitrojeni na haidrojeni zote huishia kuwa amonia, na hapo hutaelewa kwa nini kiwandani huiondoa amonia na kuzirudisha gesi zilizobaki zipite tena juu ya chuma. Ukiweka = hutaelewa lolote. Habari yote ya kiwanda kile imo katika alama moja ndogo, nasi tunataka kuifuta kwa sababu mimi sikusoma nilichotuma!

Hata hivyo, wapenzi wasomaji, sitaki mniweke katika kundi la wale wanaomwaga mishale kila mahali kama chumvi. Kuna mahali mshale hauna kazi, na hilo nalo nililijifunza kwa hasara. Safari hii hasara ilikuwa ya Mama.

Mama ni katibu wa chama cha kina mama mtaani kwetu. Wanachama ni ishirini na wawili, na wengi wao hutumia simu za mulika mwizi, kwa hivyo matangazo huenda kwa arafa. Siku moja mkutano uliahirishwa. Mama akaniambia, "Mwanangu, niandikie vizuri, wewe ndiwe msomi." Msomi akaandika ujumbe wa herufi kama mia moja na hamsini hivi, na katikati akatia, kwa madaha, "Jumamosi → Jumapili". Tayari nilikuwa najua kuweka mshale wa kweli, si wa joho. Nilijivuna.

Mama alikuwa amebakiwa na arafa arobaini. Ishirini na wawili kutoka arobaini, zingebaki kumi na nane. Lakini zilipotumwa kwa wanachama kumi na watatu, zikaisha. Mama akanitazama kana kwamba nimezila.

Baadaye ndipo nikaelewa. Arafa moja hubeba biti 1120, si zaidi. Herufi za kawaida huchukua biti 7 kila moja, na 1120 ukigawa kwa 7 unapata 160. Ndiyo sababu arafa huishia herufi 160. Mshale haumo katika orodha hiyo fupi ya herufi za kawaida. Ukitia mshale mmoja tu, ujumbe mzima unabadilishiwa mizani, kila herufi, hata "a" asiye na hatia, inahesabiwa biti 16. Gawa 1120 kwa 16, unapata 70. Na ujumbe mrefu ukikatwa vipande, kila kipande hutoa nafasi kidogo ya kuviunganisha, zikabaki herufi 67. Ujumbe wangu wa herufi mia na hamsini ukawa arafa tatu. Kumi na watatu mara tatu ni thelathini na tisa. Mshale mmoja ulimgharimu Mama mara tatu.

Na hata hao kumi na watatu hawakuelewana. Kwenye simu nyingine mshale ulitokea kama kisanduku kitupu. Waliouona sawasawa nao waligawanyika. Kuna walioelewa kwamba mkutano umehama kutoka Jumamosi kwenda Jumapili, na kuna walioelewa kwamba utaanza Jumamosi hadi Jumapili, wakaja Jumamosi na vikapu vyao wakashinda kwetu barazani. Wale tisa ambao hawakupata chochote walikuja Jumamosi pia. Mama aliwapikia chai wote. Kisha Jumapili akasimama mkutanoni kuwaombea wasiofika wasitozwe faini, naye ndiye aliyepaswa kuonekana mzembe, si mimi.

Neno "umeahirishwa" lina herufi kumi na mbili. Lingetosha.

Ndiyo maana nasema mshale ufanye kazi mahali ambapo msomaji ameshajua unaelekeza nini. Katika mlingano wa Kemia anajua. Katika uundaji wa maneno anajua, mwalimu alishamwambia. Katika mnyororo wa chakula akiambiwa mara moja anajua. Lakini katika barua, katika tangazo, katika insha, mshale unaweza kuwa "kisha", au "kwa hivyo", au "hadi", au "umekuwa", au "soma ukurasa wa pili", na msomaji anaachiwa kubahatisha. Nimeona insha ya mwenzetu mmoja (simtaji, anajijua) iliyosema "Baba alikasirika → tukahama". Kwa sababu alikasirika? Baada ya kukasirika? Mwalimu alichora duara jekundu na kuuliza swali hilohilo. Lugha yetu ina ki, ka, na nge, ina "ndipo" na "ndiyo sababu". Kuiacha hazina hiyo kwa ajili ya kistari chenye ncha ni uvivu tu.

Kwa wale watakaochapa, njia ni hizi, nimezijaribu mwenyewe saiba. Katika Word andika 2192, kisha bonyeza Alt pamoja na X, zile tarakimu zitageuka kuwa mshale wa kweli. Kama kibodi ina tarakimu za pembeni, shikilia Alt upige 26 hapo. Katika simu ya Mama niliuweka mshale kwenye kamusi ya kibodi, nikaupa kifupi "msh", basi nikiandika msh unajitokeza. Lakini msiuchukue ule mshale mweupe ulio ndani ya mraba wa buluu kutoka kwa vikaragosi. Huo ukipita kwenye mashine ya fotokopi hutoka kama tofali jeusi, na tutarudi palepale. Na yale mazoea ya Word ya kugeuza vistari yanaweza kuzimwa. Mwombe kijana wa saiba, anajua pa kubonyeza.

Ombi langu kwa kamati ni dogo. Azimio lirudishwe mezani. Mishale iruhusiwe kwenye milingano na kwenye kurasa za sarufi, ikatazwe kwenye insha na matangazo, na yeyote atakayechapa karatasi ya marudio aisome yote kwenye simu kabla haijamfikia mtu mwingine. Hilo la mwisho, kama lingekuwapo mwaka jana, lingemwokoa rafiki yangu Jumamosi yake.

Kamati itakutana wiki ya pili ya muhula ujao, na safari hii nitaketi mbele. Makala haya nimeyachapa kwa mkono wangu, kila mshale wa kulia kwa 2192, nikayatuma kwenye simu ya Mama na kuyasoma hadi nukta ya mwisho. Kisha nikampa rafiki yangu yule aliyerudia mtihani ayapitie kwa mara ya pili. Alipata kosa moja. Lilikuwa la koma.